Foleni Ndogo, Ahadi Kubwa: Ujenzi wa Foleni Sahili ya Jumbe Badala ya Programu Nzito

IKISIRI

Makala haya yanafafanua jinsi kundi dogo la waundaji wa programu linavyoweza kujenga foleni sahili ya jumbe badala ya kuegemea programu kubwa zinazohitaji ulinzi na utaalamu mwingi. Mifano miwili halisi inachanganuliwa: mpango wa kuhifadhi barua pepe uitwao Maildir, uliobuniwa katika miaka ya 1990, na foleni za Starling na Kestrel zilizotumiwa na kampuni ya Twitter. Hoja kuu ni kwamba foleni hupimwa kwa ahadi inazotoa wala si kwa ukubwa wake. Anayeweza kuzitaja ahadi hizo kwa sentensi wazi, katika lugha anayoimudu, yuko tayari kujenga. Asiyeweza hataokolewa na programu yoyote, iwe nzito au nyepesi.

1.0 UTANGULIZI

Mtu anayeizima simu yake ya mkononi usiku na kuiwasha asubuhi hupokea kwa mfululizo jumbe fupi zote alizotumiwa wakati simu ilipokuwa imezimwa. Jumbe hizo hazikuwa zikielea hewani. Zilikuwa zimehifadhiwa katika kituo cha jumbe cha kampuni ya simu. Kituo kilijaribu kuziwasilisha, kikashindwa, kikaziweka, kisha kikajaribu tena simu ilipoonekana mtandaoni. Kila ujumbe ulikuwa pia na muda wake wa uhai, ambao ukipita kabla ya ujumbe kufika, ujumbe huo hutupwa. Mtumiaji haoni lolote kati ya haya. Hata hivyo, kwa kitendo hicho cha kila siku, anakuwa amenufaika na mojawapo ya dhana za msingi katika taaluma ya tarakilishi, yaani foleni ya jumbe.

Dhana hii ni nyepesi, lakini programu zinazoitekeleza zimekuwa nzito mwaka baada ya mwaka. Mfano mzuri ni Kafka, programu iliyoundwa katika kampuni ya LinkedIn na kutolewa kwa umma mwaka wa 2011. Wanafunzi wa fasihi watavutiwa kujua kwamba Jay Kreps, mmoja wa waundaji wake, aliipa jina la mwandishi Franz Kafka kwa sababu ni mfumo uliokusudiwa kufanya kazi ya kuandika kwa ufanisi. Kwa miaka mingi Kafka haikuweza kuendeshwa peke yake. Ilihitaji programu nyingine, ZooKeeper, ya kuratibu seva zake, na hitaji hilo liliondolewa kabisa katika toleo la 4.0 la mwaka wa 2025. Chuo au kampuni changa yenye wataalamu wawili iliyoichagua Kafka kabla ya hapo ilijitwika mifumo miwili ya kulindwa, kusasishwa na kukarabatiwa inapoharibika.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kundi dogo huvutwa na programu inayosifiwa na makampuni makubwa, likasahau kuuliza kama matatizo ya makampuni hayo ni yake pia. Makala haya yanaanza na swali hilo.

2.0 FOLENI YA JUMBE NI NINI?

Foleni ya jumbe ina wahusika watatu: mtumaji, anayeweka ujumbe, foleni yenyewe, inayouhifadhi, na mtendaji, anayeuchukua na kuifanya kazi iliyoagizwa ndani yake. Wote watatu ni programu. Mtumaji na mtendaji hawahitaji kuwa macho kwa wakati mmoja, wala mmoja hahitaji kumjua mwenziwe.

Uteuzi wa neno "foleni" unastahili kuelezwa. Kiswahili kina maneno mengine yanayokaribiana nalo, kama vile "mlolongo", "msururu" na "safu". Nchini Kenya, hata hivyo, "mlolongo" lina kumbukumbu ya kisiasa kutokana na uchaguzi wa mwaka wa 1988, ambapo wapigakura walijipanga nyuma ya wagombea au picha zao. "Msururu" na "safu" hutaja vitu vilivyofuatana tu, bila kuonyesha kwamba vinangojea chochote. "Foleni" hubeba maana mbili kwa pamoja: mfuatano na kungoja huduma. Maana hizo mbili ndizo zinazohitajika hapa.

Faida za foleni ni tatu. Kwanza, mtumaji hasubiri. Mwanafunzi anayejisajili kwa mtihani hapaswi kukaa mbele ya tarakilishi hadi barua pepe ya uthibitisho itumwe. Inatosha agizo la kuituma liwekwe kwenye foleni. Pili, foleni hupokea wingi wa ghafla. Wanafunzi wote wakijisajili saa ya mwisho, kazi hujipanga badala ya kuiangusha seva. Tatu, foleni huhimili kuanguka kwa mtendaji. Akizimika kwa nusu saa, kazi zake humngojea.

Lakini foleni haiongezi nguvu za mtendaji. Iwapo jumbe 5 huingia kila sekunde na mtendaji anamudu 4 pekee, baada ya saa moja jumbe 3,600 zitakuwa zimekwama, na idadi hiyo itazidi kukua. Mwaka wa 1961, John Little alithibitisha kanuni inayojulikana kwa jina lake: katika mfumo uliotulia, wastani wa idadi ya walio ndani yake ni sawa na kasi ya kuingia mara wastani wa muda wa kukaa humo. Jumbe zikiingia kwa kasi ya 5 kwa sekunde na kila mmoja ukakaa sekunde 12 kabla ya kukamilishwa, wastani wa jumbe 60 zitakuwamo wakati wowote. Kanuni hii haijali ikiwa foleni iliandikwa kwa siku mbili au ilinunuliwa kwa mamilioni.

Hesabu kama hiyo humsaidia pia mjenzi kujua ukubwa wa tatizo lake. Jumbe 20,000 kwa siku husikika kama idadi ya kutisha. Siku ina sekunde 86,400. Kwa hiyo ni wastani wa ujumbe mmoja katika kila sekunde 4 na zaidi kidogo. Hata zote zikimiminika katika muda wa saa mbili, hazifiki 3 kwa sekunde. Hiyo ni kazi ambayo tarakilishi moja ya kawaida huimudu bila jasho.

3.0 AHADI TATU ZA FOLENI

Tofauti kati ya foleni moja na nyingine haitokani na jinsi ya kuweka na kuchukua ujumbe. Inatokana na kile ambacho foleni huahidi mambo yanapoharibika. Ahadi hizo ni tatu.

3.1 Ahadi ya kutopotea

Foleni inapomjibu mtumaji kwamba imepokea, neno "imepokea" lina maana gani? Ikiwa ujumbe umo katika kumbukumbu ya muda ya tarakilishi pekee, umeme ukikatika ujumbe umetoweka. Ikiwa umeandikwa kwenye diski, utakuwapo umeme utakaporudi. Ikiwa umeandikwa kwenye diski za tarakilishi tatu, utasalimika hata diski moja ikiungua. Kila ngazi ina gharama yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni diski. Lakini mjenzi ndiye anayepaswa kuamua anahitaji madaftari mangapi.

3.2 Ahadi kuhusu kurudiwa

Katika ofisi nyingi, tarishi hubeba daftari la kupelekea barua, na anayekabidhiwa barua hutia sahihi. Foleni nayo hungoja uthibitisho wa mtendaji kabla ya kuufuta ujumbe. Mtendaji akiimaliza kazi lakini akazimika kabla ya kuthibitisha, foleni haina njia ya kujua yaliyotokea. Itaukabidhi ujumbe uleule kwa mtendaji mwingine, na kazi itafanywa mara mbili. Foleni ikiamua kuufuta ujumbe mara tu unapochukuliwa, basi mtendaji akizimika njiani, kazi haitafanywa kamwe.

Tatizo hili halitokani na uzembe wa waundaji. Wataalamu walilieleza mwaka wa 1975, na Jim Gray akalipa mwaka wa 1978 jina la tatizo la majemadari wawili. Majemadari hao wako juu ya vilima viwili na adui yuko bondeni. Lazima washambulie kwa pamoja, ila kila mjumbe wanayemtuma anaweza kukamatwa njiani. Wa kwanza hutuma saa ya kushambulia. Wa pili hutuma jibu. Lakini wa pili hajui kama jibu lake limefika, hivyo anahitaji jibu la jibu. Mnyororo huo hauna mwisho, na imethibitishwa kwamba hakuna idadi ya wajumbe inayoweza kuwapa uhakika kamili.

Kwa hiyo mjenzi ana hiari mbili za kweli: kazi ifanywe mara moja au isifanywe kabisa, au kazi ifanywe angalau mara moja na pengine irudiwe. Wengi huchagua hiari ya pili, kisha huziandika kazi zao kwa namna ambayo kurudiwa hakuleti madhara. Agizo la "ongeza shilingi 500 kwenye salio" ni hatari likirudiwa. Agizo la "salio liwe shilingi 500" linaweza kurudiwa mara kumi na matokeo yakabaki yaleyale.

3.3 Ahadi ya mpangilio

Je, ujumbe ulioingia kwanza utatendwa kwanza? Mtendaji akiwa mmoja, jambo hili ni rahisi. Watendaji wakiwa wawili, wa kwanza anaweza kuchukua ujumbe wa kwanza na kukawia, huku wa pili akimaliza wa pili. Mpangilio kamili na kasi ya watendaji wengi ni mambo yanayovutana. Busara ni kuuliza kama mpangilio unahitajika hasa. Barua mbili za kukumbusha watu wawili tofauti zinaweza kufika kwa mpangilio wowote. Agizo la kufungua akaunti na agizo la kuifunga haziwezi.

4.0 MAILDIR: FOLENI YA FOLDA TATU

Mfano bora wa foleni sahili ulizaliwa katika kazi ya barua pepe. Katika mfumo wa Unix, desturi ya zamani ilikuwa kuziweka barua zote za mtu katika faili moja, barua mpya ikiongezwa mwishoni. Programu mbili zikilishika faili hilo kwa pamoja, moja ikiongeza barua na nyingine ikifuta, barua zingeharibika. Ilibidi kila programu ilifunge faili kabla ya kuligusa. Lakini programu tofauti zilikuwa na mbinu tofauti za kufunga, na faili likiwa kwenye diski inayotumiwa kupitia mtandao, ufungaji huo haukutegemeka.

Daniel J. Bernstein, mwanahisabati wa Marekani aliyeunda programu ya barua iitwayo qmail, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka wa 1997, aliliondoa tatizo hilo kwa kuondoa haja ya kufunga. Katika Maildir, kila barua ni faili lake lenyewe, na sanduku la barua ni folda yenye folda tatu ndani yake. Ya kwanza ni ya barua zinazoendelea kuandikwa, ya pili ni ya barua mpya zilizokamilika, na ya tatu ni ya barua ambazo msomaji amekwisha kuziona.

Programu inayoleta barua huiandika katika folda ya kwanza. Ikihakikisha kwamba imefika kwenye diski, huihamishia folda ya pili. Msomaji hasomi barua kutoka folda ya kwanza, hivyo hawezi kukutana na barua nusu. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, nusu barua hubaki katika folda ya kwanza bila kumdhuru yeyote, na faili ambalo halijaguswa humo kwa saa 36 linaweza kufutwa. Jina la kila faili hutungwa kutokana na wakati, nambari ya programu inayoandika na jina la tarakilishi, ili majina mawili yasigongane.

Siri ya mpango huu ni tabia moja ya mfumo wa faili. Kuhamisha faili kutoka folda moja hadi nyingine katika diski ileile ni tendo lisilogawanyika: limefanyika au halijafanyika, wala hakuna hali ya katikati inayoonekana na programu nyingine. Bernstein hakujenga mashine mpya ya kulinda barua. Alitumia ulinzi ambao tayari ulikuwapo ndani ya kila tarakilishi ya Unix.

5.0 UJENZI HATUA KWA HATUA

Chukulia maktaba ya chuo inayotaka kuwatumia wasomaji jumbe fupi za kuwakumbusha kurudisha vitabu. Fikra ya Maildir inaweza kupanuliwa iwe foleni kamili kwa folda nne: "rasimu", "mpya", "kazini" na "zilizokwama".

Hatua ya kwanza: Mtumaji anaandika agizo katika faili ndani ya "rasimu", anahakikisha limefika kwenye diski, kisha analihamishia "mpya". Jina la faili linaanza na tarehe na saa, ili majina yakipangwa, kazi za zamani zitangulie.

Hatua ya pili: Mtendaji anachagua faili la zamani zaidi katika "mpya" na kulihamishia "kazini", akiweka alama ya wakati alipolichukua. Watendaji wawili wakilikimbilia faili moja, mmoja atafaulu. Mwingine ataambiwa faili halipo, naye atachagua jingine. Hakuna kufuli inayohitajika.

Hatua ya tatu: Mtendaji anatuma ujumbe kwa msomaji. Akifaulu, anafuta faili. Kufuta huko ndiko sahihi ya tarishi kwenye daftari.

Hatua ya nne: Programu ndogo ya ulinzi inazunguka kila baada ya dakika chache. Ikikuta faili lililokaa "kazini" kwa muda mrefu kuliko kazi yoyote ya kawaida, inalirudisha "mpya", kwa kuwa huenda mtendaji wake amezimika.

Hatua ya tano: Faili huhesabiwa mara lilivyojaribiwa. Likishindikana mara tano, huwekwa katika "zilizokwama" ili mtu alikague. Bila hatua hii, agizo moja lenye nambari mbovu ya simu linaweza kuzunguka milele na kuwachosha watendaji.

Hatua ya sita: Kila wakati, mambo mawili yapimwe: idadi ya faili katika "mpya" na umri wa lile la zamani zaidi. Idadi inaweza kupanda kwa muda na kushuka bila tatizo. Umri ukipanda bila kushuka, ama mtendaji amekufa ama kazi zimemzidi.

Hatua ya nne inahitaji tahadhari. Programu ya ulinzi haiwezi kumtofautisha mtendaji aliyezimika na yule anayekawia tu. Ikimhesabu aliyekawia kuwa amezimika, kazi itafanywa mara mbili. Kwa jumbe za kukumbusha, hasara ni ndogo: msomaji atakumbushwa mara mbili, jambo lililo afadhali kuliko kutokumbushwa. Lakini iwapo agizo ni kumtoza faini, kurudiwa ni dhuluma. Hapo kila agizo hupewa nambari yake ya pekee, na hifadhidata huandika nambari hiyo pamoja na faini katika muamala mmoja. Agizo likirudi, hifadhidata hukuta nambari imekwisha kuandikwa na kukataa kutoza tena.

Foleni hii yote inaweza kuandikwa kwa kurasa chache za programu. Mwanafunzi anaweza kuisoma kwa alasiri moja na kuieleza kwa mwenziwe. Inapoharibika usiku, anayeamshwa hufungua folda, akasoma majina ya faili, na akajua ni nini kilichokwama na tangu lini.

6.0 STARLING NA KESTREL

Huenda mtu akadai kwamba usahili huu ni wa maktaba ndogo tu. Historia ya Twitter, iliyobadilishwa jina kuwa X mwaka wa 2023, inaonyesha vinginevyo. Huduma hiyo ilianza mwaka wa 2006. Mtu mwenye wafuasi wengi alipoandika ujumbe, mfumo ulipaswa kuufikisha kwa kila mfuasi, na kazi hiyo haikuweza kufanywa huku mwandishi akisubiri. Foleni ilihitajika.

Blaine Cook aliandika foleni iitwayo Starling kwa lugha ya Ruby, nayo ikatolewa kwa umma mwaka wa 2008. Hakubuni lugha mpya ya mawasiliano kati ya foleni na wateja wake. Alitumia ile ya memcached, programu ya kuhifadhi data kwa muda, ambayo ilijulikana tayari na wengi. Amri ya kuweka ikawa ya kuongeza ujumbe kwenye foleni, na amri ya kusoma ikawa ya kuuchukua.

Kazi ilipozidi, Robey Pointer aliunda Kestrel kwa lugha ya Scala, akifuata mfano wa Starling. Ilikuwa na mistari elfu chache tu ya programu. Kila tendo la kuweka na kuondoa liliandikwa katika faili la kumbukumbu kwenye diski. Kestrel ilipozimika na kuwashwa tena, ililisoma faili hilo na kuirudisha foleni katika hali yake.

Uamuzi muhimu zaidi katika Kestrel ulihusu kile ambacho haikufanya. Seva za Kestrel hazikuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Mteja alichagua seva yoyote kwa bahati nasibu, akaweka au akachukua ujumbe. Ndani ya seva moja mpangilio ulihifadhiwa. Kati ya seva na seva, mpangilio ulilegea. Aidha, ujumbe ulikaa katika seva moja pekee, hivyo diski ya seva hiyo ikiharibika, jumbe zilizokuwamo zilikuwa hatarini. Ilivyokusudiwa, Kestrel iliitoa ahadi ya mpangilio kamili ili ipate wepesi wa kuongezewa seva bila kuratibiwa. Hayo yalielezwa waziwazi na waundaji wake. Aliyeitumia alijua alichopewa na alichonyimwa.

Foleni hiyo haikudumu milele. Mahitaji yalibadilika, Kestrel ikaacha kuendelezwa, na kufikia mwaka wa 2018 Twitter ilikuwa imeeleza hadharani uamuzi wake wa kuhamia Kafka. Je, hiyo ni hukumu dhidi ya usahili? Hasha. Foleni ndogo iliibeba huduma hiyo katika miaka ambayo haikuwa na nafasi ya kungoja, na ilipozidiwa, wahandisi wake walikuwa wamekwisha kujua hasa ni ahadi ipi iliyopungua.

7.0 MIPAKA YA USAHILI

Ni kosa kuufanya usahili kuwa dini. Katika uhakiki, riwaya changamano haidharauliwi kwa sababu si sahili. Huulizwa kama uchangamano wake unahitajika na maudhui. Kigezo hicho kinafaa pia hapa. Hali nne angalau hudai programu kubwa.

Hali ya kwanza ni pale ambapo ujumbe lazima usalimike hata tarakilishi nzima ikiteketea. Kunakili data kati ya tarakilishi kadhaa na kukubaliana ni nakala ipi iliyo sahihi ni kazi ngumu ambayo imewashinda wataalamu wengi. Asiijaribu mtu kwa majuma mawili. Hali ya pili ni pale ambapo wasomaji wengi wanataka kuzisoma jumbe zilezile, kila mmoja kwa wakati wake, hata kuzirudia za mwezi uliopita. Kafka iliundwa kwa kazi hiyo, na folda nne haziwezi kuiiga. Hali ya tatu ni wingi unaozidi uwezo wa tarakilishi moja. Ya nne ni pale ambapo taasisi mbalimbali, kila moja na programu zake, zinahitaji lugha moja ya kupashana jumbe. Haja hiyo ndiyo iliyoufanya mradi wa AMQP uanzishwe katika benki ya JPMorgan Chase mwaka wa 2003, na RabbitMQ, iliyotoka mwaka wa 2007, iliutekeleza mpango huo.

Ipo pia njia ya kati. Taasisi nyingi tayari zina hifadhidata inayolindwa na kunakiliwa kila siku. Jedwali moja ndani yake laweza kuwa foleni. Tangu toleo la 9.5 la PostgreSQL, lililotoka Januari 2016, mtendaji anaweza kuomba safu moja ya jedwali huku akiziruka zile zilizoshikwa na wenzake. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba agizo na data inayohusika huandikwa katika muamala mmoja. Kitabu hakiwezi kuazimwa bila agizo la kukumbusha kuwekwa, wala agizo kuwekwa kwa kitabu ambacho hakikuazimwa.

8.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba foleni ya jumbe ni dhana inayoweza kujengwa kwa vifaa vilivyomo tayari katika kila tarakilishi, na kwamba ugumu wake umo katika ahadi tatu: kutopotea, kurudiwa na mpangilio. Bernstein alizitimiza alizozihitaji kwa folda tatu. Kestrel ilizitimiza baadhi na kuiacha moja kwa makusudi. Programu kubwa hutimiza zaidi, lakini hata zenyewe haziwezi kulivunja tatizo la majemadari wawili, na mara nyingi humwachia mtumiaji uamuzi katika orodha ndefu ya mipangilio ambayo wengi huiacha kama ilivyokuja.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoingia. Kabla ya mstari wa kwanza wa programu kuandikwa, mtu lazima aseme: "Ujumbe ukipokewa, hautapotea isipokuwa diski iharibike, unaweza kutendwa zaidi ya mara moja, na mpangilio haujaahidiwa." Hiyo ni sentensi ya Kiswahili, na inaeleweka na karani wa maktaba, mkuu wa idara na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Karani akiisoma, anaweza kuuliza, "Na faini je, nayo yaweza kutozwa mara mbili?" Swali hilo likiulizwa mapema, mwanafunzi hatozwi fedha asizodaiwa. Likikosa kuulizwa kwa sababu ahadi zilifichwa katika lugha ambayo karani haimudu, hata programu ghali kuliko zote itatoza mara mbili, kwa uaminifu na kwa kasi kubwa.